Upande wa wanawake hakuna foleni: tuwazungumzie mama na dada zetu walioko magerezani

Mama Tatu
Wakuu, habari za jioni. Wengi mnanijua kule jukwaa la mapishi. Leo nimehamia huku, na uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka apite tu.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kina utaratibu wa kutembelea gereza. Tunapeleka sabuni za mche, dawa za meno, taulo za kike, kanga zilizotumika lakini safi. Gereza silitaji, na wala sina ugomvi na askari wake, maana wapo waliotusaidia kuliko hata ndugu wa wafungwa wenyewe. Ninachotaka kuongelea ni foleni.

Siku ya kuona wafungwa, upande wa wanaume watu wanajipanga kabla jua halijatoka. Wake, mama, mashemeji, hotipoti zimefungwa kwenye vitambaa, mwingine kalala stendi kwa sababu basi lake lilifika usiku. Upande wa wanawake askari akiita majina wanasimama watu wachache, na karibu wote ni mama mzazi au dada wa tumbo moja. Mume ni wa kutafuta kwa tochi. Akitokea mmoja, hata askari wanaonyeshana.

Sasa hao walioko ndani ni akina nani? Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikitegemea kukutana na majambazi wa kike. Niliokutana nao ni hawa: mama aliyekamatwa na kidumu cha gongo, na sheria yenyewe ni ile ya Moshi (yaani gongo, si mji) ya mwaka 1966, imempita umri. Mama aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, mtaji ukafa, aliyemkopesha akaenda kituoni kufungua jalada la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Deni lilikuwa la madai, lilipovuka mlango wa polisi likawa jinai. Dada wa kazi aliyetuhumiwa kuiba dhahabu. Na mabinti, hawa ndio wananiumiza zaidi, waliojifungua peke yao chooni au porini, mtoto akafa, wakashtakiwa kwa mauaji. Wa mauaji hana dhamana. Kila siku kumi na nne anapandishwa karandinga, anasomewa yaleyale kwamba mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili, huruhusiwi kujibu lolote, upelelezi haujakamilika. Anashushwa, anarudi.

Halafu kuna suala la simu. Mtu akikamatwa simu inachukuliwa, na namba zote ziko humo. Muulize anakumbuka namba ya nani kichwani, wengi hakuna hata moja. (Wewe unayesoma, taja namba ya mama yako bila kuangalia.) Kuna binti alinitajia namba ya shangazi yake ikawa imepungua tarakimu ya mwisho. Tukaketi nje ya geti tukajaribu sifuri, moja, mbili, tukiomba radhi kwa watu tusiowajua, mpaka shangazi akapokea. Huko kwao walishaambiwa binti kaenda Oman kufanya kazi za ndani, na walikuwa wamemkasirikia kwa kutotuma hela. Kumbe yuko mkoa wa jirani, rumande, hana nguo ya kubadilisha.

Swali langu kwa wajuzi: dhamana ipo, faini inalipika, adhabu za nje ya gereza zipo. Kwa nini hawa wanabaki ndani?

Chuma cha Reli
Mama Tatu, hongera kwa moyo wako. Ila nitakuwa mkweli. Mimi dada wa kazi aliondoka na akiba yangu ya ada na simu ya mke wangu, mpaka leo. Huyo naye nikampelekee sabuni? Mkosaji ni mkosaji, avae sketi avae suruali. Mkianza kusema ana watoto, kila mwizi ataazima mtoto.

Mwana Kibaoni
Hapo pa mume wa kutafuta kwa tochi nimejificha nyuma ya mlango.

Mama Tatu
Chuma cha Reli, pole, na sijasema asishtakiwe. Nauliza hivi: huyo dada akikaa rumande miaka miwili akisubiri kesi, akiba yako ya ada itarudi kutoka wapi?

Wakili wa Mtaani
Nimeitwa kwenye uzi huu na watu watatu, nimekuja. Naandika kwa sheria za Tanzania Bara.

Kwanza dhamana haiuzwi. Haina bei ya kituoni wala ya kwa karani. Kinachomkwamisha mwanamke ni masharti yake. Hakimu atataka wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, na kesi ikiwa ya fedha nyingi atataka mali isiyohamishika. Sasa twende kwa mama wa mkopo. Nyumba aliyojenga na mumewe imeandikwa jina la mume. Kiwanja cha urithi kiko kwa kaka. Wenzake wa kikoba wana biashara za meza, na nusu yao wanamdai. Mume akisusa, dhamana imekufa hapohapo, ingawa kwenye karatasi mahakama imesema dhamana iko wazi. Mwanaume aliyefanya kosa lilelile ana mke anayezunguka tangu alfajiri kutafuta barua.

Pili, makosa yasiyo na dhamana. Mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji wa dawa za kulevya, utakatishaji fedha na mengineyo. Kuna kesi ilipinga kifungu cha sheria kinachozuia dhamana kwa makosa hayo, ikashinda Mahakama Kuu, lakini Mahakama ya Rufani Agosti 2020 kwenye shauri la Sanga ikakirudisha. Kwa hiyo kipo. Ndiyo maana kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Hao mabinti anaowasema Mama Tatu: Kanuni ya Adhabu ina kosa linalojitegemea, la mama kumuua mtoto wake aliye chini ya miezi kumi na miwili wakati akili yake haijatulia kutokana na uzazi. Adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Lakini hati inaanza na neno mauaji, na dhamana inaondoka na neno hilo. Likija kubadilishwa, binti ameshakaa ndani miaka. Wengine mtoto alizaliwa amekufa, na hilo linajulikana daktari akija kutoa ushahidi.

Tatu, na hapa ndipo ninapokasirika. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002. Kama hakimu anaona kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, anaweza kumwambia mtu akafagie zahanati au apande miti, jioni arudi kwake. Mama wa gongo ameandikiwa sheria hiyo kabisa. Ila hakimu anataka taarifa ya afisa probesheni, inayosema huyu anaishi wapi, na nani, tabia yake mtaani ikoje. Afisa ni mmoja na wilaya ni pana. Taarifa haipo, na mshtakiwa akiulizwa ana nini cha kusema kabla ya adhabu anajibu "naomba mahakama inisamehe" na kukaa chini. Hapo hapana kukaa chini. Sema ni kosa lako la kwanza. Sema una watoto wangapi, wa umri gani, usiku wa leo watalala kwa nani. Taja mtaa wako na mwenyekiti wako. Omba huduma kwa jamii kwa jina lake. Ukipigwa faini omba muda wa kuilipa. Na faini hailali: hata mtu akiwa ameshaingia gerezani, ndugu wakiilipa anatoka.

Rufaa sitaieleza yote. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo ni siku 30. Aliye ndani anapitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza, hahitaji kuwa na wakili ndipo aanze.

Chuma cha Reli
Sawa wakili, na mimi niliyeibiwa?

Wakili wa Mtaani
Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia kwa mlalamikaji pamoja na adhabu. Kuna mtu alikuambia hivyo kituoni au mahakamani?

Chuma cha Reli
Hakuna.

Nakuru Yetu
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito, na haichagui kosa. Hata wa mauaji huomba na wengine hupewa. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hafai kuwekwa rumande. Lakini msituonee wivu. Korti inasema dhamana ya pesa taslimu elfu ishirini, na mama wa chang'aa, gongo ya huku kwetu, hana hata elfu moja ya kununulia watoto unga. Haki iko, pesa haiko, analala gereza la wanawake la Lang'ata vilevile.

Kuhusu watoto: sheria yetu inaruhusu mama kukaa na mtoto gerezani mpaka afike miaka minne. Uganda ni miezi kumi na minane. Ninyi je?

Afande Mstaafu
Nimetumikia Jeshi la Magereza, upande wa wanawake, na mimi ni mwanamke. Nimestaafu, nalima.

Sheria yetu ya Magereza ya 1967 inasema mtoto anapokelewa na mama yake, na akiachishwa ziwa atafutiwe ndugu, wakikosekana akabidhiwe ustawi wa jamii. Kuachishwa ziwa hakuna tarehe. Mama anajua hilo, kwa hiyo ananyonyesha mpaka mtoto anaongea. Nimemuona mtoto anayejua kusimama wima wakati wa kuhesabiwa, mikono ubavuni, kabla hajui rangi. Alikuwa akimwita kila mwenye sare "afande mama". Siku tulipomtoa nje kwenda kliniki alimuona mbwa akadhani ni mbuzi, maana mbuzi wa gereza ndiye mnyama pekee aliyewahi kumuona.

Watu wanadhani sisi askari tunafurahia. Huyo mtoto nilimnunulia viatu kwa mshahara wangu, na si mimi peke yangu. Mgao wa chakula umepangwa kwa kichwa cha mfungwa, na mtoto si mfungwa. Halafu wakaguzi wakija wanauliza, mbona mtoto amekonda?

Foleni anayoisema Mama Tatu ina sababu nyingine. Si kila gereza lina sehemu ya wanawake, na magereza ya wanawake peke yao, mfano Kingolwira pale Morogoro, ni ya kuhesabu. Wanawake ni wachache, kwa hiyo wanakusanywa. Mwanaume akifungwa Mpanda anakaa karibu na kwao. Mwanamke anaweza kupelekwa mbali, na mama yake ni mzee wa miguu, nauli kwenda na kurudi ni gunia la mahindi. Tusiwalaumu ndugu wote.

Ila waume nawalaumu.

Kisima Kirefu
Shikamoo afande. Nyongeza kidogo kwa wapenda mikataba. Umoja wa Mataifa ulipitisha Desemba 2010 kanuni 70 za namna ya kuwashughulikia wafungwa wanawake, zinaitwa Kanuni za Bangkok. Ndani yake imo kumpeleka mwanamke gereza lililo karibu na kwao, imo kumpa taulo za kike bila malipo, na imeandikwa wazi kwamba mtoto anayekaa na mama yake gerezani asichukuliwe kamwe kama mfungwa. Mtu akisema ni mambo ya wazungu, mpelekeni kwenye Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, kifungu cha 30. Huo tumeuandika wenyewe Waafrika na Tanzania imeuridhia. Unataka hakimu afikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo kwa mama mjamzito au mwenye watoto wadogo.

Na si maneno matupu. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba mwaka 2007, jaji Albie Sachs. Mama alifanya udanganyifu wa kadi za benki, tena alirudia akiwa nje kwa dhamana, ana watoto watatu wa kiume. Mahakama ikasema hakimu hawezi kumfunga mlezi mkuu bila kujiuliza kwanza watoto watabaki na nani na wataathirika vipi. Haikusema mwenye watoto asifungwe. Yule mama akatolewa kwa masharti: kuwa chini ya uangalizi, kufanya kazi za kijamii kila wiki, na kuwarudishia watu fedha zao. Chuma cha Reli, umesikia hapo mwisho?

Chuma cha Reli
Nimesikia. Kwa wa fedha naelewa. Ila mmechanganya na wa mauaji, na huko siwafuati. Aliyekufa hana wa kumuombea dhamana.

Kisima Kirefu
Basi nikupe wa mauaji. Susan Kigula, Uganda. Alihukumiwa kunyongwa 2002 kwa kumuua mume wake, na mtoto wa mume ndiye aliyetoa ushahidi dhidi yake. Aliwekwa gereza la Luzira, upande wa wanawake wanaosubiri kitanzi. Yeye na wenzake zaidi ya mia nne wakafungua shauri, likabeba jina lake. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema mambo mawili: sheria isimlazimishe jaji kutoa kifo kwa kila aliyeua bila kuangalia mazingira, na mtu aliyesubiri kunyongwa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Kesi yake ikarudi Mahakama Kuu, akapewa miaka 20, akatoka Januari 2016. Akiwa ndani alisoma sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London, akawa anawaandikia wenzake rufaa.

Hapa kwetu jaji bado hana hiari, mtu mzima aliyepatikana na hatia ya mauaji ni kunyongwa, isipokuwa mwanamke mjamzito ambaye anapewa maisha. Hatujamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya tisini, lakini hukumu zinatolewa na watu wanakaa wakisubiri. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapohapo Arusha ilisema Novemba 2019 kwamba kulazimisha adhabu hiyo kunavunja haki ya kuishi.

Chuma cha Reli
Mtoto wa mume ndiye aliyetoa ushahidi. Nitabaki kwenye hilo.

Kisima Kirefu
Una haki ya kubaki hapo. Nami sijasema hakuua au aliua.

Aliyewahi Kukaa
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Jina langu hapa si la kweli, na mkoa sitautaja.

Nilikaa kwa kesi ya fedha za kikundi. Nilikuwa mweka hazina, mwenyekiti alichukua, saini ilikuwa yangu. Nilifungwa, nikatumikia, nikapunguziwa theluthi kwa tabia njema kama wanavyopunguziwa wengine. Mnaojua mnajua, mwaka wa jela ni miezi minane.

Jela yenyewe sitaisimulia. Niseme habari za kutoka. Unatolewa asubuhi na nguo ulizokamatwa nazo. Mimi nilikamatwa nimevaa gauni la kitenge la harusi ya mdogo wangu, limeshapauka kwa kukaa stoo, na halinikai tena kwa jinsi nilivyokonda. Nauli niliyopewa iliishia stendi ya wilaya. Kutoka hapo kwetu ni bodaboda, na dereva wa bodaboda alikuwa ananifahamu. Alinibeba bure lakini hakuniongelesha njia nzima. Nilipofika, nyumba ina mwanamke mwingine. Mtoto wangu wa mwisho akakimbilia kwake aliponiona.

Sikugombana. Nilikwenda kwa mama.

Kazi ndiyo iliyonishinda. Ndani nilijifunza kushona, nashona sare za shule vizuri tu, mikunjo ya sketi nyie mngeona. Nje sina cherehani. Niliomba kazi kiwandani wakataka hati ya tabia njema ya polisi. Nikaomba kuingia kikundi cha kukopeshana, kila mtu akatazama chini. Walionipokea ni wauza gongo. Wao hawaombi hati. Nilikaa nao kupika kwa msimu mmoja nikaacha, si kwa sababu ya wokovu, ni kwamba kila pikipiki ikipita nilikuwa najikojolea.

Wenzangu wawili niliotoka nao walirudi ndani. Watu wakasema, wameyazoea maisha ya jela. Hakuna anayezoea. Kule kuna pa kulala na hakuna anayekutazama chini.

Mama Tatu
Dada yangu. Asante kwa kuandika. Nimekutumia ujumbe pembeni.

Mwana Kibaoni
Nilikuja kufanya utani nimekaa chini.

Nakuru Yetu
Pole sana dadangu. Hapa kwetu Teresa Njoroge alikuwa mfanyakazi wa benki, akafungwa mwaka mmoja Lang'ata 2011 akiwa na mtoto mchanga wa miezi mitatu. Baadaye rufaa ikamsafisha, lakini mwaka ulikuwa umeshakwenda. Akaanzisha Clean Start, wanafanya kazi na wanawake walio ndani na wanaotoka. Ukimsikiliza, jambo analorudia ni kwamba ndani aliwakuta maskini, hakuwakuta wale wabaya aliotegemea. Waliotoka wanakutana vikundi, wanasaidiana kupata mtaji na kuzungumza. Kuzungumza tu, na mtu asiyekutazama chini, ni dawa.

Afande Mstaafu
Kuhusu cherehani, niseme ukweli ambao hautapendwa. Mafunzo mengi ya ndani ni ushonaji na ususi wa vikapu, tangu nikiwa kuruta. Wanaume wanajifunza ufundi seremala, uashi, gereji. Fundi uashi akitoka anahitaji mwiko tu na ataitwa kibarua kesho yake. Fundi cherehani bila cherehani ni mtu anayejua kushona. Tuliomba waongezewe mambo ya kilimo cha mboga na ufugaji wa kuku kwa wanawake, jibu likawa bajeti. Kila kitu jibu lake ni bajeti.

Na misamaha ya Rais ya sikukuu za kitaifa, wengi mnashangilia kwenye televisheni. Ni jambo zuri. Ila anayesamehewa ni mfungwa, mahabusu hasamehewi maana hajahukumiwa. Huyo binti wa kesi ya kila siku kumi na nne, 26 Aprili inampita na 9 Desemba inampita.

Mpwapwa Juu
Ile tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande si ilikabidhi ripoti Julai 2023? Wakasema upelelezi ukamilike kwanza ndipo mtu akamatwe. Imefikia wapi?

Wakili wa Mtaani
Ripoti ilikabidhiwa, na hoja ya kutokamata kabla ya upelelezi ndiyo ingepunguza mahabusu kuliko kitu kingine chochote. Kwenye korido za mahakama bado nasikia "upelelezi haujakamilika" kila asubuhi. Wasomaji wafahamu pia kwamba kwa makosa mengi ya kawaida kuna ukomo wa siku 60 wa kuahirisha kesi kwa ajili ya upelelezi. Ukomo huo una milango ya kuongezwa, lakini mlango hufunguliwa kwa hati iliyosainiwa. Mshtakiwa anyooshe mkono aulize kistaarabu: mheshimiwa, hati hiyo ipo kwenye jalada? Nimeona watu wameachiwa kwa swali hilo tu. Wengine walikamatwa tena mlangoni, siwadanganyi, lakini wengine walikwenda nyumbani.

Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na inataka polisi na magereza waweke utaratibu wa aliye kizuizini kufikiwa na msaada huo. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kukutetea, lakini anakuelekeza namna ya kuandaa rufaa, anakutafutia ndugu, anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua. Kwa wanawake hawa, hiyo barua ina thamani kuliko hotuba yangu. Kama una kikundi cha kanisa au msikiti kinachopeleka sabuni, ombeni mmoja wenu apate mafunzo hayo.

Mama Tatu
Hili nalipeleka kikaoni kwetu. Sabuni tutaendelea, lakini kuanzia safari ijayo tunakwenda na daftari: jina, kesi namba ngapi, mahakama gani, tarehe ya kutajwa, namba ya ndugu hata ikiwa imepungua tarakimu. Mwenye basi, mwenye bando la kupiga simu, aje.

Mpwapwa Juu
Mimi nina cherehani ya marehemu mama, ya miguu, imekaa. Haina mkanda na meza imeliwa na mchwa upande mmoja. Kama yule dada anaitaka niambieni inatumwa wapi.

Aliyewahi Kukaa
Naitaka. Mkanda nitanunua.

Binti Ukerewe
Samahani kuingilia. Mdogo wangu yuko rumande Mwanza tangu wiki iliyopita, kesi ya wizi wa kuaminiwa, dhamana iko wazi, wadhamini wawili. Mmoja nimempata. Mimi naishi Dodoma, naweza kuwa wa pili?

Wakili wa Mtaani
Inategemea hakimu. Wengi wanataka anayeishi ndani ya eneo la mahakama, lakini ndugu wa damu wa mkoa mwingine nimeona wakikubaliwa. Njoo na barua ya mtaa wako wa Dodoma, kitambulisho cha taifa na nakala zake, picha ndogo, na kama una ajira barua ya mwajiri. Usisubiri tarehe ya kesi, dhamana inaweza kushughulikiwa siku yoyote ya kazi, ila itabidi mahakama itoe hati ya kumwita kutoka gerezani. Fika asubuhi mapema umuone karani. Ukifika saa nane mchana, hakimu amekwisha kuondoka na karandinga limeshajaa.

Binti Ukerewe
Naondoka na basi la usiku huu.